Maumivu ya Nyonga na Kinena kwa Wanawake: Kipimo Kabla ya Dawa

Mwanamke anayeumwa nyonga, kinena au chini ya kitovu kwa miezi kadhaa mara nyingi hupewa jina la ugonjwa kabla hajapimwa. Huambiwa ana "UTI sugu", hununua antibiotiki bila cheti cha daktari, hupata nafuu ya siku chache, kisha hurudi dukani kutafuta iliyo kali zaidi. Fedha hukwisha, maumivu hubaki.

Antibiotiki huua bakteria. Haziwezi kuondoa maumivu ambayo chanzo chake si bakteria, na vyanzo vya aina hiyo ni vingi. Endometriosisi, ambayo Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, hutokea pale tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba zinapoota nje yake. Maumivu yake mara nyingi huzidi wakati wa hedhi, na altrasaundi inaweza isioneshe chochote. Majibu ya namna hiyo si ushahidi kwamba mgonjwa anajifanya. Ngiri nayo, ingawa mitaani huhesabiwa kuwa maradhi ya wanaume, ina aina itokeayo juu ya paja ambayo huwapata zaidi wanawake. Yapo pia maumivu ya misuli, neva na maungio, ambayo hayataonekana katika mkojo hata upimwe mara ngapi.

Tunashauri uandike, kwa majuma kadhaa, siku na mahali pa maumivu, tarehe za hedhi, na iwapo huzidi unapokojoa, unapojamiiana au unapoinua mzigo. Taja kila dawa uliyokwisha kutumia, kwa kuwa antibiotiki zilizotangulia zinaweza kuficha vimelea maabara inapootesha mkojo. Omba nakala ya majibu, na umuulize daktari ni ugonjwa gani haujachunguzwa bado. Usiporidhika, omba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake.

Kuhusu vidonge vya ukeni na dawa zinazonadiwa kuwa "husafisha kizazi", tuseme wazi: kizazi hakihitaji kusafishwa, na fedha hizo zingelipia kipimo.

Maumivu makali ya ghafla, hasa hedhi ikiwa imechelewa, au yanayoambatana na kuzimia, homa, au uvimbe wa kinena usiorudi ndani, ni ya kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba huweza kupasua mrija na kusababisha damu kuvujia tumboni.