Kinyonga wa Meru Azaaye Bila Kutaga

Akitajwa mjusi, fikra za wanafunzi wengi huelekea jangwani, au kwenye mwamba uchomao kwa jua. Si ajabu, kwani reptilia hajitengenezei joto la mwili kama afanyavyo ng'ombe. Hulipata kutoka nje. Hata hivyo, katika vichaka na misitu ya mlima Meru, juu ya mji wa Arusha, ambako usiku una baridi na asubuhi hugubikwa na ukungu, yuko mmoja wa ukoo wa mijusi astawiye vyema: kinyonga wa pembe tatu. Ndugu zake wako Kenya, lakini tawi hili dogo, lililopewa jina la kisayansi *merumontanus* na Rand mwaka 1958, ni la Meru na viunga vyake.

Je, baridi huishindaje? Jibu kubwa limo katika uzazi. Kinyonga wa kawaida wa nyikani hushuka mtini, akachimba shimo, akataga, akayafukia mayai na kwenda zake. Udongo wenye joto ndio mlezi. Mlimani, yai lililofukiwa katika udongo wa baridi lingekawia mno kukua. Kwa hiyo jike wa pembe tatu huyahifadhi mayai tumboni kwa miezi 5 au zaidi. Jua lichomozapo hupanda penye mwanga, huuelekeza kwenye miale ubavu wake ulio bapa, na ngozi yake hugeuka rangi ya giza ili ifyonze joto. Aotapo jua, watoto nao huota. Siku ya kuzaa, kila kitoto hutoka kikiwa ndani ya utando mwembamba unaonata, huupasua, na mara hutambaa matawini. Mama hakinyonyeshi wala hakilindi. Asije mwanafunzi akamwandika katika kundi la mamalia!

Pembe ni pambo la dume hasa, naye huzitumia kusukumana na dume mwenziwe. Pembe hizo zimewaponza. Kwa miaka mingi vinyonga wa Tanzania waliuzwa ng'ambo wakafugwe vizimbani, mpaka Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Nyumbani nako ana adui, nayo ni hofu. Wapo waaminio kwamba kinyonga ana sumu. Hana. Na jike mnene apigwaye jiwe kandokando ya shamba huenda akafa pamoja na watoto wote aliokuwa akiwaotesha jua.