Hesabu za faida: kosa dogo linalopoteza alama

Mwanafunzi wa mwaka wa sita anayejitayarisha kwa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi anapaswa kusoma swali la faida polepole. Mfano: mama ananunua mfuko wa sukari franga 80.000, anauuzisha 100.000. Faida ni 20.000. Ni asilimia ngapi?

Mwenye haraka anagawanya kwa 100.000 na kuandika 20. Alama imepotea. Kama swali halisemi vingine, faida inapimwa juu ya bei ya kununua: 20.000 gawanya kwa 80.000, mara 100, ni asilimia 25.

Hasara pia inapimwa hivyo. Mfuko ule ukiuzishwa 60.000, mama amepoteza asilimia 25 ya pesa aliyotoa mfukoni.