Je, Wajua? Mshubiri Hutuliza Ngozi Iliyoungua Kidogo
Ute ulio ndani ya jani la mshubiri, uitwao pia alovera, ni maji kwa takriban asilimia 99, na huburudisha ngozi iliyoungua juujuu. Kwanza, sehemu iliyoungua hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Kisha jani nene la chini hukatwa, huoshwa na kusimamishwa ili utomvu wa manjano uchuruzike. Huo ndio shubiri yenyewe, mchungu na wenye kuwasha ngozi. Jani humenywa, na ute mwangavu hupakwa kwa mikono safi. Haupakwi kwenye malengelenge yaliyopasuka wala kidonda kilicho wazi. Aliyeungua usoni au sehemu kubwa ya mwili, na mtoto mchanga, hupelekwa kituo cha afya mara moja.