Je, Noeli ni sikukuu ya wapagani?

Masomo: Waroma 14:1-9, 1 Wakorinto 10:23-31

Kila mwaka mwezi wa kumi na mbili unapokaribia, ulizo hili linarudi: Biblia haitaji siku aliyozaliwa Yesu, na tarehe 25 desemba ilikuwa ya mungu-jua wa Waroma, basi kwa nini Mkristo aifanyie sikukuu? Tusilicheke ulizo hili. Kuna nyumba ambamo baba anakataa kuketi na watoto wake siku hiyo, na mama hajui amfuate mume wake ama kanisa.

Ni kweli, Biblia haitoi tarehe. Ni kweli pia kwamba mwaka 274 Kaisari Aurelian alizindua hekalu la Jua kule Roma, na kalenda iliyokusanywa mwaka 354 inaandika 25 desemba kuwa siku ya kuzaliwa kwake Asiyeshindwa, yaani Jua. Lakini mkusanyo huo huo unaandika kwamba siku hiyo Kristo alizaliwa Betlehemu. Nani alimtangulia mwenzake? Wajuzi wanabishana mpaka leo. Wengine wao wanasema Wakristo walihesabu tu miezi tisa toka 25 machi, siku waliyodhani Maria alipata mimba. Kwa hiyo anayepiga kelele kwamba jambo hili limekwisha kuthibitishwa, amepita kipimo.

Hata hivyo, tuseme tarehe ilikuwa ya jua. Je, inatosha kuikataa? Katika Kifaransa tunachosoma shuleni, mwezi janvier ni jina la Janus, mungu wa milango. Mardi ni siku ya Mars, mungu wa vita. Jeudi ni ya Jupiter. Ndugu zetu wanaoikataa Noeli wanafunga na kuomba siku ya jeudi, na Mungu anawajibu! Wayahudi nao walitoka Babeli na majina ya miezi ya huko. Mwezi wao mmoja unaitwa Tamuzi mpaka leo, jina la yule mungu ambaye Ezekieli aliona wanawake wakimlilia (Ezekieli 8:14). Na Yesu mwenyewe alikuwa hekaluni wakati wa sikukuu ya Kutabaruku (Yohana 10:22), sikukuu ambayo Musa hakuiagiza popote.

Paulo anatupa kipimo kingine. Nyama ya sokoni, kula bila kuuliza. Lakini mtu akikuambia kwamba imetolewa kwa sanamu, usile. Kinachohukumiwa ni ibada inayofanyika leo, mbele yako. Jua la Roma halina kuhani tena, wala hakuna anayelichinjia. Lakini hapa kwetu Kivu, ukoo ukikuita kwenye karamu ambayo kwanza inatengwa sehemu ya Lyangombe, ama pombe inamwagwa chini kwa ajili ya mababu, hiyo ni meza ya pepo, hata kama inafanyika siku ya Pasaka. Ajabu ni kwamba wengi wanabishana juu ya Aurelian wakati hirizi ya mtoto bado imefichwa chini ya kitanda.

Wengine wanaleta Yeremia 10 juu ya mti uliokatwa porini. Someni mpaka mstari wa tano: mti ule ulichongwa kuwa sanamu isiyosema wala kutembea. Tawi lililofungwa mlangoni halisujudiwi na mtu.

Wazee wetu wanakumbuka pia mwaka 1974, wakati utawala wa Mobutu ulipoiondoa Noeli katika siku za mapumziko za Zaïre, kwa jina la kurudia asili ya mababu. Watawala wale hawakuiona kuwa mali ya mababu. Waliiona kuwa ya Wakristo.

Basi anayeiadhimisha, aiadhimishe kwa Bwana: asikope hela ya nguo mpya na kuanza Bonane na madeni, wala asiifanye usiku wa pombe. Upagani wa Noeli ya siku hizi uko zaidi katika chupa kuliko katika kalenda. Na ndugu ambaye dhamiri yake inamkataza, Waroma 14 inamlinda. Asiitwe mzushi, wala asilazimishwe kuimba. Naye asiwahukumu wenzake, wala asiwanyime watoto sahani ya wali. Jioni akirudi nyumbani, mpakulieni chakula kama siku nyingine yoyote.