Utangulizi: Kuhesabu Chungu cha Makande

Makande, au githeri kwa ndugu zetu wa Kenya, ni mahindi na maharage katika chungu kimoja. Punje zake zinakaribiana ukubwa na zinaiva kwa moto uleule. Ajabu ni kwamba Kiingereza kinahesabu maharage, kinakataa kuhesabu mahindi: «many beans», lakini «much maize». Kuhesabika, basi, ni tabia ya neno, si ya kitu. Mdenmark Otto Jespersen alilijadili jambo hili katika The Philosophy of Grammar, 1924, na wanaisimu hawajalimaliza.

Mswahili haingii uwanja huu mikono mitupu. Tunasema maharage machache, unga kidogo, wala hatukufundishwa darasani. «Few» na «little» zimegawana kazi vivyo hivyo. Tena, «few friends» ni marafiki wachache, karibu hawapo. «A few friends» ni marafiki kadhaa, wanaotosha kucheza bao. Kiherufi kimoja tu, na upweke umeondoka!

Kinachotukwaza ni -ingi. Watu wengi, maji mengi, unga mwingi: mzizi ni mmoja, ngeli ndiyo inayouvisha. Mwingereza anadai tuchague, «many» au «much». Anayesitasita hukimbilia «a lot of», linalokubali kote kuwili, na mimi simlaumu.

Mtego mkubwa zaidi umo kwenye nomino zenyewe. Sisi tunapata habari mbili, tunanunua fanicha tatu. «Information» na «furniture» hazipokei idadi wala «s» ya wingi. Anayetaka kuzihesabu hutanguliza «a piece of», kama sisi tunavyosema punje ya mchele au kipande cha sabuni. Mipaka nayo huhama: «pease», njegere, lilikuwa neno la umoja, watu wakalisikia kama wingi, wakalikata mkia na kupata «pea».

Waingereza wenyewe pia hugombana. Mwaka 1770 mwandishi Robert Baker aliandika kwamba kwa vinavyohesabika angependelea «fewer» kuliko «less». Yalikuwa maoni ya mtu mmoja; walimu wakayafanya sheria. Mwaka 2008 maduka ya Tesco, yakisumbuliwa na wanaokosoa mabango ya «10 items or less», yaliamua kuandika «Up to 10 items», na «fewer» halikupata nafasi.