Chale, Nembo na Uhuru wa Mkristo

Tuliletewa habari ya mwanamke mzee aliyekataliwa katika darasa la ubatizo kwa sababu ya alama za usoni. Mwalimu alimwambia azifute kwanza. Azifute kwa kitu gani?

Kosa la mwalimu yule lilianza katika neno. Wengi huita chale kila kovu lililokatwa kwa makusudi, wakahukumu pamoja mambo yasiyo ya namna moja. Nembo ni alama ya kabila na pambo. Wamakonde wa nyanda za juu za Newala na Mueda walizichanja kwa kisu kidogo, wakasugua jeraha kwa makaa ya mbarika hata ngozi ikashika rangi. Karl Weule aliyefika Newala mwaka 1906 aliziandikia habari. Siku hizi zimepungua sana, lakini wazee wenye nembo wangalipo. Chale za mganga ni nyingine: hutojwa kifuani au viungoni, zikatiwa dawa ya kinga. Tena kuna kuchanja kwa tabibu, kwa kitenzi kile kile, ambako ndiko kulikoiondoa ndui duniani, kama ilivyotangazwa mwaka 1980. Afundishaye tu kwamba kuchanjwa ni dhambi asistaajabu akina mama wakificha watoto siku ya chanjo.

Wengine hukimbilia Walawi 19:28. Andiko lile lakataza kujikata kwa ajili ya wafu na kujiandika alama. Nalo lafuata agizo la kutoharibu pembe za ndevu, ambalo walimu wetu wanyoao kila asubuhi hawalihubiri. Hatusemi kwamba halina maana, lakini halitoshi kumhukumu mtu aliyechanjwa akiwa kigori, kabla ya kuisikia Injili. Wakopti wa Misri huchora msalaba mkononi, karibu na kiganja, wakijulikana kwao kuwa Wakristo.

Basi mwili u huru. Lakini Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama ya sanamu, alijua kwamba sanamu si kitu, na hata hivyo alikuwa tayari kuiacha nyama kwa ajili ya ndugu. Kijana aliyechorwa msalaba begani huko mjini hakutenda dhambi. Akirudi kijijini, penye mtu aliyebatizwa juzi na angali akiogopa kuishi bila kinga ya mganga, huyo atasema: Kumbe nao wana chale zao! Naye atarudi kwa mganga. Hapo yampasa kijana avae shati, au kama hajachorwa, aache.

Yafaa tuangalie, hata hivyo, ni nani aitwaye dhaifu. Paulo amtaja mtu aponzwaye hata akarudia sanamu. Hamtaji mzee wa kanisa achukizwaye tu na asichokizoea. Mzee wa namna hiyo si dhaifu, bali mara nyingi ndiye mwenye nguvu kuliko wote mkutanoni.

Huko Masasi Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu tangu mwaka 1926, hakulipiga jando marufuku. Alilichambua, akaondoa yaliyopingana na imani, akayaacha mengine. Ndivyo tungependa afanye mwalimu: aulize alama ilikatwa kwa kusudi gani, na kama ilitiwa dawa. Mwenye chale za mganga na afundishwe kuiacha hofu yake, wala asiambiwe habari ya makovu. Bibi yule mwenye nembo aandikwe darasani leo.