Kabla ya kununua kompyuta nyepesi, piga hesabu ya magunia

SEKENKE ni jina linalokumbukwa kwa dhahabu. Mgodi wake ulianza kuchimbwa enzi za Wajerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kutengenezea sarafu za rupia 15 huko Tabora, wakati koloni lilipokuwa limebanwa na vita. Kwa msafiri wa leo wa barabara ya Singida hadi Nzega, Sekenke ni mlima wenye kona kali unaoteremka kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere.

Juu na chini ya mlima huo wapo watu ambao kazi yao ni kutembea. Wapo wanunuzi wa alizeti, makatibu wa vyama vya ushirika na viongozi wa vikundi vya wachimbaji wadogo. Mtu wa aina hiyo anaweza kuwa Shelui asubuhi, Misigiri mchana na Kiomboi jioni. Kumbukumbu zake huwa zimetawanyika: nyingine katika daftari lililoloa jasho, nyingine katika ujumbe wa simu na nyingine kichwani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo maana baadhi ya wafanyabiashara wadogo wanafikiria kununua kompyuta nyepesi ambayo ni kishikwambi na kompyuta mpakato kwa pamoja. Kwamba kifaa cha namna hii kinaweza kufanya kazi vijijini si jambo la kubishania tena. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipita nyumba kwa nyumba nchi nzima wakiwa na vishikwambi.

Swali lililobaki ni la kiuchumi: kifaa gani kitarudisha fedha yake, na kipi kitakula mtaji wa msimu mzima?

Maumbo mawili, kazi mbili

Kompyuta hizi zipo za maumbo mawili makubwa. La kwanza ni kishikwambi ambacho kibodi yake huchomolewa, kama Surface za Microsoft zilizoanza kuuzwa mwaka 2012. La pili ni kompyuta mpakato ambayo kioo chake huzunguka hadi kugusa mgongo wa kibodi, kama Lenovo Yoga, nazo za kuanzia mwaka huo huo.

Kwa uzito, umbo la kwanza linashinda. Surface Go ina takriban gramu 520 bila kibodi, wakati kompyuta ya kukunja ya inchi 13 au 14 mara nyingi huzidi kilo moja na robo. Kwa anayepanda bodaboda na begi mgongoni, tofauti hiyo inaonekana.

Hata hivyo, uzito si kipimo pekee. Kishikwambi cha kuchomoa husimama kwa kiegemeo cha nyuma, na kiegemeo kinahitaji meza. Ukikiweka juu ya gunia au mapajani ndani ya basi, huyumba na kuanguka. Kompyuta ya kukunja hukaa imara popote. Kwa hiyo anayehesabu magunia akiwa amesimama na kuandika namba chache atafaidika na umbo la kwanza, na anayeandika taarifa ndefu za chama akiwa safarini atafaidika na la pili.

Jambo jingine ni kwamba kibodi ya kuchomoa mara nyingi huuzwa peke yake. Bei iliyobandikwa dukani inaweza kuwa ya kioo tu. Mnunuzi aulize mapema, na aongeze bei ya kibodi na chaja kabla ya kulinganisha.

Programu nazo ziangaliwe. Kifaa cha Android au iPad kinatosha kwa hesabu za kawaida, picha na barua pepe, lakini hakiendeshi programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows. Kama chama au mhasibu anatumia programu ya Windows, uamuzi umekwisha kufanyika.

Umeme kabla ya mwendo kasi

Muuzaji atasifu kasi ya kifaa. Mnunuzi wa kijijini aanze na chaji. Kifaa kinachochajiwa kwa tundu la USB-C kinaweza kutumia chaja moja na simu za kisasa, pawabenki au chaja ya gari. Kile chenye tundu la pekee kinategemea chaja moja tu, nayo ikipotea kazi imesimama. Kwa mfano, Surface Pro 6 ya mwaka 2018 haina USB-C. Surface Pro 7 ya mwaka 2019 inayo.

Hesabu yake ni rahisi. Pawabenki ya mAh 20,000 hubeba takriban Wh 74 (20,000 mara volti 3.7, gawa kwa 1,000). Sehemu ya nguvu hiyo hupotea njiani, na inayobaki inaweza kujaza karibu mara mbili betri ya Wh 27 kama ya Surface Go, au mara moja betri ya Wh 50 ya kompyuta kubwa zaidi.

Lakini si kila pawabenki inafaa. Nyingi hutoa wati 10 tu, ambazo zinatosha simu. Kompyuta huhitaji wati 30, 45 au hata 65. Namba hizo huandikwa kwenye chaja na pawabenki yenyewe, na ni vyema kuzisoma kabla ya kulipa.

Mtego wa bei ya chini

Vifaa vingi vinavyoweza kununuliwa na mfanyabiashara mdogo ni vile vilivyokwisha kutumika nje ya nchi. Vinaweza kuwa na faida, ila vina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni umri wa programu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kifaa kisichokubali Windows 11 kitaendelea kuwaka, lakini kinga yake dhidi ya wezi wa mtandaoni itazidi kudhoofika. Surface Go ya kwanza ya mwaka 2018 haimo katika orodha rasmi ya Windows 11, wakati Surface Go 2 ya mwaka 2020 imo. Kwa macho, vifaa hivyo viwili vinafanana sana. Mbaya zaidi ni Surface RT ya mwaka 2012, ambayo haiendeshi kabisa programu za kawaida za Windows.

Mtego wa pili ni betri iliyochoka. Katika kifaa cha Windows, mnunuzi aombe kufungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Ripoti itakayotokea huonyesha ujazo wa betri ilipokuwa mpya na ujazo uliobaki. Kama ilianza na 40,000 na sasa inajaa 20,000, nusu ya maisha yake imekwisha, na bei ishushwe kulingana na hali hiyo.

Mtego wa tatu ni matengenezo. Vishikwambi vingi vimebandikwa kwa gundi, na kubadilisha betri humlazimu fundi kukibandua kioo, ambacho hupasuka kirahisi. Kompyuta nyingi za kukunja hufunguliwa kwa skrubu za chini. Kwa mtu aliye mbali na mafundi wa mjini, skrubu ni akiba.

Joto na vumbi

Watengenezaji wa iPad na Surface wanaeleza kuwa vifaa vyao vitumike katika joto lisilozidi nyuzi 35. Ndani ya gari lililofungwa juani, kiwango hicho hupitwa haraka. Kompyuta isiachwe mbele ya kioo cha gari, wala isichajiwe ikiwa juani. Vifaa visivyo na feni, kama iPad na Surface Go, vina nafuu mahali penye vumbi la mashine za kukamua alizeti au za kusaga mawe ya dhahabu, kwa sababu havivuti hewa ndani.

Hesabu ya magunia

Sasa turudi kwenye mtaji. Tuchukue mfano wa kifaa cha shilingi 900,000, pamoja na kibodi na chaja, kitakachotumika miaka mitatu. Ukigawa kwa miezi 36, gharama yake ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Ongeza kifurushi cha intaneti cha shilingi 10,000, inakuwa 35,000. Kama mnunuzi wa alizeti anabakiwa na faida ya shilingi 3,000 kwa gunia, kifaa hicho lazima kimwongezee au kimwokolee faida ya magunia 12 kila mwezi, ikiwa ni pamoja na miezi ambayo hakuna mavuno.

Kikinunuliwa kwa mkopo, picha hubadilika. Riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya mkopo wote kwa miezi 12, ni shilingi 324,000. Gharama ya kifaa pekee inapanda hadi 34,000 kwa mwezi, na pamoja na intaneti magunia yanayotakiwa yanakuwa karibu 15.

Je, magunia hayo yanaweza kupatikana? Kwa anayenunua kutoka kwa wakulima wengi, akitoa fedha za awali na kupokea mzigo baadaye, inawezekana. Deni moja lililosahauliwa au gunia moja lililohesabiwa mara mbili kila wiki linaweza kufikia sehemu kubwa ya kiasi hicho. Kwa kikundi cha wachimbaji kinachogawana mapato, kumbukumbu zinazoonekana na wote huzuia ugomvi, na gharama hugawanywa kwa wanachama.

Kwa mkulima wa ekari tatu anayeuza mara moja kwa mwaka, jibu ni tofauti. Daftari lililotunzwa vizuri na simu yake vinamtosha, na shilingi 900,000 zina kazi kubwa zaidi katika mbegu, palizi na magunia ya kuhifadhia mazao hadi bei ipande.

Anayeona hesabu yake inalipa aende dukani na mambo manne mkononi: kazi atakayofanya, tundu la chaji, toleo la Windows linalokubalika na dhamana iliyoandikwa. Akiwa hapo hapo aandike ukurasa mzima kwa kibodi hiyo, akiweke kifaa mapajani na kukitoa nje juani kuona kama kioo kinasomeka. Na akishaanza kukitumia, nakala ya hesabu zake ihifadhiwe mahali pengine kila wiki, kwa sababu kompyuta inayobebeka kirahisi huibwa kirahisi pia.